Fundi viatu wa Moneygall, na kazi yetu ya Jumapili

Wapendwa, habari za jioni. Wiki iliyopita mmoja wetu alisema hatuna la kuandika kuhusu ukoo kwa sababu "wazee walikuwa watu wa kawaida tu." Basi mwangalieni babu mmoja wa kale wa Obama. Siyo wa Kogelo, huyo mnamjua. Huyu ni wa upande wa mama.

Aliitwa Falmouth Kearney. Baba yake, Joseph, alikuwa fundi viatu Moneygall, kijiji cha barabarani huko Ireland. Mwaka 1850, njaa kuu ikiwa bado inauma, kijana huyo wa miaka 19 alipanda meli hadi New York. Akaenda Ohio walikokuwa jamaa zake, akamwoa Charlotte Holloway, wakahamia Indiana kulima. Alifariki 1878. Binti yao, Mary Ann, ndiye aliyeolewa na Dunham, ukoo wa mama yake Obama. Kutoka kwake hesabuni vizazi vinne mfike kwa Barack.

Na walimpataje? Kwa rejista kuukuu za kanisa, zilizoandikwa kwa mkono: jina, mzazi, tarehe. Basi! Mwaka 2011 Obama mwenyewe akafika Moneygall.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili pigeni picha kadi za ubatizo, vipande (vitambulisho) vya wazee, hati za shamba. Nyuma pia, maana mara nyingi ndiko kuna maandishi. Andikeni na kazi aliyofanya mtu, siyo watoto wake tu. Shangazi, lile sanduku la bati lifunguliwe sasa, tafadhali.