Ndege za Rufiji zisisahauliwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani katika bandari ya Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, imeishia kwenye mizinga. Marubani hawakutajwa, na bila wao mizinga isingeweza kuilenga Königsberg.

Meli hiyo ilijificha katika delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Kutoka baharini ilikuwa vigumu kuiona, ikabidi itafutwe kwa ndege. Novemba 1914 rubani Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, kwa ndege ya majini aina ya Curtiss. Rejeta ilipoharibika, ilitafutwa ya gari la Ford kutoka Mombasa.

Februari 1915, katikati ya kaskazi, zikaletwa ndege mbili za majini aina ya Sopwith. Hizo zilishindwa na joto letu. Hewa ya moto ni nyepesi: bawa halipati pa kuegemea, rafadha haipati cha kusukuma, na injini nayo huvuta pumzi pungufu. Bahari ikilala shwari ndiyo balaa zaidi, kwa sababu maji yasiyo na viwimbi hung'ang'ania maboya yanayoielesha ndege, nayo ikakimbia weee bila kunyanyuka. Tena rafadha za siku zile zilikuwa mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Joto na unyevu vikiilegeza gundi, mbao zikavimba, tabaka huachana.

Baadaye ulifyekwa uwanja Mafia kwa ndege za magurudumu, Farman na Caudron. Tarehe 6 Julai 1915 manowari za Waingereza, Severn na Mersey, zilifyatua makombora zaidi ya 600, machache yakapiga. Zilirudi tarehe 11. Juu alikuwepo rubani Cull akiendesha Farman, na mwenzake Arnold akipeleka masahihisho kwa simu ya upepo: ongeza, punguza, kushoto, kulia. Mpigaji mzinga hakuwa na macho mengine. Farman ikapigwa, injini ikafa. Wakishuka bila injini, Arnold aliomba mashua, kisha akaendelea kusahihisha shabaha hadi ndege ilipotua mtoni na kupinduka karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaangamia siku hiyohiyo.

Septemba ijayo mkiandika tena habari za Pegasus, tunaomba Cull na Arnold wapewe aya yao, na gundi ile nayo itajwe.

Wasomaji wenu,
Unguja