Droni huona mgomba dhaifu, haisemi ni ugonjwa gani

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka kupiga picha migomba ya Kabare na Walungu, huku Kivu Kusini, kwa droni, kama wafanyavyo wenye mizabibu Ufaransa, wajue kamera ya kawaida haitoshi. Inatakiwa inayosoma mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, kwa kuwa jani linalodhoofika hurudisha mwanga huo kidogo hata kabla jicho halijaona manjano. Warushe karibu na saa sita mchana, mita 60 juu, picha zipandane asilimia 75 au zaidi. Mawingu yakipita katikati ya safari, ramani inayounganishwa kutokana na picha hizo hudanganya. Na kwenye milima yetu droni ifuate mteremko, la sivyo picha za juu na za bondeni hazilingani.

Lakini ramani haitofautishi mnyauko wa bakteria na udongo uliochoka. Lazima mtu aende akate shina: ute wa manjano ukitoka baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Alikate shina hilo usawa wa ardhi, kisha apitishe panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Tunaomba pia chifu na majirani waambiwe siku na saa mapema. Mlio ule angani unatisha watu hapa.

Wasomaji wenu, Bukavu