Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: gari la Muriet lifike Muriet

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Ninauza nafaka soko la Kilombero hapa jijini Arusha na ninakaa Muriet, pembezoni mwa jiji. Nakuandikia kama abiria tu, kuhusu daladala zinazotushusha jioni kabla ya mwisho wa ruti. Sina daladala wala bajaji.

Tuliopanda vifodi, daladala za wakati ule, miaka ya tisini hatuwezi kusema zamani kulikuwa raha. Siti ya watatu tulikaa wanne, konda ananing'inia mlangoni, na gari haliondoki mpaka lishonane. Ila mji ulikuwa mdogo. Ukikosa gari usiku, unaungana na wenzako mnatembea mpaka Unga Limited au Sombetini huku mnapiga soga.

Leo barabara ni nzuri, sibishi. Tuna njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, na barabara ya mchepuko, inayozunguka bila kupita mjini, ya kilomita 42.4. Sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442 jijini. Ya 2022 ikakuta 617,631. Mtu anayetafuta kiwanja anachoweza kukilipia anakwenda Muriet, Olasiti, Moshono au Olmoti. Ruti za daladala bado zinadhani kila mtu anakwenda mjini. Mkazi wa Kwa Mrombo mwenye kibarua Njiro anapanda hadi mjini, anashuka, anapanda tena. Nauli ya hadi kilomita 10 ilipopanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600, kwake ilikuwa 2,400 kwenda na kurudi, chai bado hajanywa.

Balaa lenyewe ni jioni. Kibao cha gari kimeandikwa Muriet, umelipa nauli ya Muriet, halafu katikati ya safari konda anagonga bati: "Mwisho hapa, shukeni!" Dereva anageuza kuwahi abiria wengine mjini. Hiyo ndiyo kukatisha ruti. Mama ana ndoo ya mafuta na mtoto mgongoni, anaachwa gizani atafute usafiri mwingine kwa hela nyingine. Wanafunzi ndio usiseme. Nauli yao ni 200, na konda anaijua sare ya shule hata kwenye mvua.

Hapo ndipo bajaji zilipopata riziki. Wenye daladala wanalalamika kwamba zinawaibia abiria barabarani. Mheshimiwa, abiria huyo hakuibwa, alishushwa. Nakuomba usikubali bajaji ziondolewe kwenye barabara yoyote kabla hatujaona daladala zinafika mwisho wa ruti hiyo usiku.

Wala tusiambiwe makonda hawadhibitiki. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ilitangazwa levo siti, na makonda walewale wakawa wanatuhesabu mlangoni na kukataa wa kusimama. Sikuamini macho yangu.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wahame. Asubuhi kwenye stendi kila gari ni la adabu. Wakae mwisho wa ruti kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, wahesabu magari yanayofika. Litakalokatisha lipigwe faini, na likirudia lisimamishwe kwa muda. Pili, ukae na wanaotoa leseni za usafirishaji wafungue ruti inayopita kwenye mchepuko, iunganishe Olasiti, Muriet na upande wa Njiro bila kugusa mjini. Lami ipo tayari, magari yapo, abiria tupo. Wageni wa AFCON 2027 watapelekwa Olmoti uwanjani bila shida, hilo sina wasiwasi nalo; mimi nasemea siku zisizo na mechi.

Na namba ya simu ya kutolea taarifa iandikwe ndani ya gari, nyuma ya siti ya dereva, tuipige tukiwa bado tumekaa. Ikiandikwa ubavuni tutaisoma gari likishageuza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Muriet