Wazee wasisahauliwe janga lijapo

Ndugu Mhariri,

UVIKO-19 ulipoingia nchini Machi 2020, tulizungumzia sana maambukizi na vifo, tukawasahau wazee wa vijiji vya Chamwino na Bahi ambao, kwa kuogopa msongamano wa kliniki, waliacha kufuata dawa za shinikizo la damu na kisukari. Mwaka 2021 wenye umri wa kuanzia miaka 50 walipewa kipaumbele cha chanjo, jambo jema. Lakini mzee anayezuiwa na familia kwenda ibadani au msibani, huku wanawe wakiacha kumtembelea (kwa nia njema, nakiri), hudhoofu mwili na akili bila kuugua ugonjwa wenyewe. Naomba mipango ya dharura iwaagize wahudumu wa afya ya jamii kuwapelekea wazee dawa majumbani.

Msomaji wenu,
Dodoma