Kuhusu sentensi za "if"

Morogoro

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa moyoni: kwa nini vijana wako wa kidato cha nne huandika "If I would have known, I would have come" badala ya "If I had known, I would have come"? Kosa hilo nakutana nalo kila nikisahihisha madaftari.

Usiwaone wavivu. Kiswahili huweka alama ileile pande zote mbili: ningalijua, ningalikuja. Kijana akiingia kwenye Kiingereza anautafuta ulinganifu huo, na "would" inaparamia upande wa "if". Tena Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa hivyo! Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Martha anamwambia Yesu: "Lord, if thou hadst been here, my brother had not died." Ni "had" huku na "had" kule, kama tusomavyo sisi katika Yohana 11:21: "kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Wasomee zote mbili. Kiingereza cha leo kimebakiza "had" kwenye kishazi cha "if", na upande wa pili kimeweka "would have".

Wakishalishika hilo, wapeleke mbele. Tumewakaririsha aina tatu za sentensi za "if", ya kwanza ("If I know, I will come"), ya pili ("If I knew, I would come") na ya tatu ("If I had known, I would have come"), mpaka wanaamini hazichanganyiki. Zinachanganyika. "If I had studied medicine, I would be a doctor now." Kusoma ni kwa zamani, udaktari ni wa leo. Na kinyume chake: "If she were careful, she would not have lost the key." Uangalifu ni tabia yake ya siku zote, ila ufunguo umeshapotea. Mwanafunzi ajiulize tu: hili ni la lini, na lile ni la lini? Mimi ningetumia kipindi kizima hapo, hata viwili.

Kuiondoa "if" si kazi kubwa. "Had", "were" na "should" hutangulia kiima: "Had I known", "Were I in your place", "Should you need anything". Hiyo ya mwisho wataiona sana kwenye barua za ofisi. Waonye tu kwamba "not" hukaa peke yake: "Had I not known", si "Hadn't I known".

Halafu, tafadhali, tusiwaambie tena kwamba "will" ni mwiko baada ya "if". Mtu akisema "If you will wait here, I will call the headmaster", anaomba ridhaa ya mgeni. Ni Kiingereza safi, tena cha adabu.

Nitumie sentensi walizoandika wiki hii, hata zile ulizozipiga mkasi. Nataka kuona wanakwama wapi kwenye zile za mchanganyiko, tutunge mazoezi pamoja kabla ya mtihani wa moko.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwenzio katika chaki