Andika ulipofika kabla hujainua kichwa

Mwanangu mpendwa,

Tangu tulipozungumza Jumapili maneno yako hayajanitoka. Umesema unawahi ofisini, unakaa mezani kutwa nzima, na jioni ukijiuliza umefanya nini huoni kitu. Ukamalizia kwamba labda kazi imekushinda. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Hujashindwa. Nakukumbuka ulipoanza kujua kusoma: ulikuwa ukishika kitabu husikii, mpaka uitwe mara tatu. Akili ile ile unayo mpaka leo, ila sasa kila dakika yuko anayekuita.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa karani wa hesabu, tulikuwa sita katika chumba kimoja, meza zimebanana, na mlango haukuwa na utulivu. Siku moja nilikuwa naandaa orodha ya mishahara. Naishusha rula mstari kwa mstari: jina, makato, jumla. Mwenzangu akaja kuniuliza faili fulani liko wapi. Nikainuka, nikampa, tukapeana maneno mawili matatu, nikarudi kukaa. Rula ilikuwa imeteleza mstari mmoja tu. Sikuona. Nikaendelea.

Mwisho wa mwezi mzee mmoja aliyekuwa akifagia korido alikuja mezani kwangu, kofia mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa amefanya, maana wenzake wote wamelipwa isipokuwa yeye. Alidhani kosa ni lake, mwanangu. Fedha yake aliipata baada ya siku mbili, lakini ile sauti ninayo hadi leo.

Tokea hapo nikajizoeza kitu kimoja. Mtu akiniita, kabla sijainua kichwa, nachukua penseli naandika nilipofika: "Wa kumi na saba tayari, nikirudi naanza na makato ya wa kumi na nane." Kisha ndipo namgeukia aliyeniita. Hakuna aliyewahi kuniona nina kiburi, kwa sababu mkono mmoja naandika na mdomo tayari umeshaitikia salamu.

Baadaye sana nikaja kusoma kwamba wataalamu wamelichunguza hili. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kuwa mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, hasa kama kazi ile hajaimaliza. Mwaka 2018 yeye na mwenzake Theresa Glomb wakaonyesha kwamba anayetumia muda mfupi kuandika amefikia wapi na akirudi ataanzia wapi huifanya vizuri zaidi ile kazi iliyomkatiza. Soma tena hapo. Mimi nilidhani penseli inanisaidia kurudi tu. Kumbe ilikuwa inanisaidia na kwenda: ukishaandika, moyo unatulia, na huyo aliyekujia anapata masikio yako yote badala ya nusu. Kwa hiyo usione aibu kumwambia mtu, "Subiri kidogo, niandike hiki." Unamfanyia hisani.

Kuhusu jirani yako wa meza anayeongea na simu, umeniambia anakukera kuliko wale wawili wanaopiga soga pembeni, na unajilaumu kwamba una chuki naye. Huna chuki. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake walipima jambo hilo, wakakuta kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu kunaivuruga kazi ya mtu kuliko kusikia pande zote mbili. Ukisikia nusu, akili haijui neno lijalo ni lipi, basi inabaki imetega sikio bila kuombwa. Yeye hajui hilo. Mwambie kwa ustaarabu, mkiwa wawili, siku ambayo huna hasira, kwamba simu ndefu azipokee nje. Akishindwa, vaa spika za masikioni na uweke muziki usio na maneno; wenye maneno ni kama kumwalika msemaji wa pili.

Simu yako mwenyewe itie kwenye droo. Hilo halihitaji maelezo.

Jambo lililo gumu ni bosi, maana bosi humwambii asubiri. Lakini unaweza kumuuliza. Akikuletea la pili katikati ya la kwanza, muulize kwa heshima: "Hili la asubuhi nilimalize kwanza, au niliweke kando?" Mara nyingi atakuambia malizia. Alikuwa hajui tu kwamba mikono yako imejaa. Akikuambia weka kando, umeliweka kwa amri yake, na jioni hutajihesabia deni lisilo lako.

Na huo uchovu unaosema unarudi nao nyumbani, usiuite uvivu. Gloria Mark na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2008 wakionyesha kwamba watu wanaokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi kuliko wasiokatizwa, kwa sababu walijikimbiza kufidia, ila walibaki na msongo mkubwa zaidi wa mawazo. Ndiyo maana unaweza kuvuka siku nzima bila kuchelewesha kitu na bado ukafika mlangoni huna nguvu ya kuvua viatu. Naomba uwaombe wenzako saa moja tu kwa siku ambayo ni yako, isiyoguswa isipokuwa kwa dharura. Usianze na saa tatu, hawatakubali, na wewe mwenyewe hutaweza kuzilinda. Anza na moja, na kazi ngumu kuliko zote uiweke humo.

Nilipokuwa nafikiria saa hiyo iwe ipi, nikakumbuka ni nani anayekupigia kila siku saa nne asubuhi kukuuliza umeamkaje. Na wewe kwa heshima yako hujawahi kuacha kupokea, wala hujawahi kuniambia niko kazini, mama. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia kesho nitakuwa napiga saa moja jioni, ukiwa umeshafika na umeshapumzika. Saa nne ichukue, iwe ndiyo hiyo yako.

Mama yako