Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: Wanafunzi wa mizigo waingie kwenye mtihani na kitabu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima. Nafundisha mizigo ya anga hapa Dar es Salaam, na kabla ya kushika chaki nilifanya kazi kwenye kaunta ya kupokea mizigo uwanjani. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa vijana wengi ambao wazazi wao wanajinyima kuwalipia ada, na linamgusa kila anayepanda ndege iliyobeba mzigo chini ya miguu yake.

Ombi langu ni moja kubwa. Katika mtihani wa bidhaa hatari, yaani mizigo inayoweza kuwaka, kulipuka au kudhuru watu ndani ya ndege, mwanafunzi aruhusiwe kuingia na kitabu cha kanuni cha IATA, shirikisho la kimataifa la mashirika ya ndege, toleo la mwaka huohuo, na apimwe kwa kazi ambayo mpokea mizigo huifanya kweli.

Kuna vyuo, sitavitaja, ambako mwanafunzi bado anaingia chumba cha mtihani mikono mitupu na kuulizwa: taja makundi tisa ya bidhaa hatari, UN 1845 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa) ni bidhaa gani? Anayekumbuka kwamba ni barafu kavu anapata alama zake, anatoka anashangilia. Kesho yake ukimpa boksi halisi na tamko la msafirishaji, yaani hati ambayo mtuma mzigo anataja bidhaa hatari iliyomo, hajui aanzie ukurasa gani. Si kosa lake. Tumemfundisha kukariri kwa sababu mtihani unataka kukariri.

Uwanjani hakuna anayekariri, na akikariri ni hatari. Orodha ya bidhaa hatari kwenye kurasa za buluu za kitabu hicho ina maelfu ya majina. Kitabu cha IATA hutoka upya kila mwaka na kuanza kutumika Januari mosi, na katikati ya mwaka huongezwa marekebisho. Nchi na mashirika ya ndege nayo yana masharti yao ya ziada, ambayo lazima yaangaliwe kwa kila safari. Mitihani ya IATA yenyewe ya bidhaa hatari humruhusu mtahiniwa kufungua kitabu, kwa kuwa ujuzi unaopimwa ni kutafuta, kusoma na kuamua.

Chukua mfano ambao kila wakala wa mizigo wa Dar anaujua. Mfanyabiashara kutoka Komoro amenunua bidhaa Kariakoo. Boksi linakwenda Moroni na hati inasema "vipodozi na vifaa vya simu". Ndani mna manukato, rangi za kucha na pawabenki. Manukato ni UN 1266, kimiminika kinachowaka. Rangi ya kucha huingia UN 1263, pamoja na rangi za nyumba. Pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya lithiamu inayosafiri peke yake, UN 3480, na tangu Aprili 1, 2016 betri za namna hiyo haziruhusiwi kubebwa kama mzigo kwenye ndege ya abiria. Kwenye ndege ya mizigo zinapita, lakini chaji isizidi asilimia 30 na ufungaji ufuate maelekezo namba 965 ya kitabu hicho. Boksi moja tu, maswali yote hayo! Huo ndio mtihani. Mwekee mwanafunzi boksi mezani, hati yenye makosa na kitabu, umpe saa moja aseme mzigo unapokelewa au unarudi, na kwa nini.

Wapo watakaosema mtihani wa kitabu wazi ni mteremko. Waje darasani kwangu waone. Asiyesoma hupekua kurasa hadi muda unakwisha, na aliyesoma huenda moja kwa moja. Tena utaratibu huu unamaliza biashara ya fotokopi za maswali ya zamani zinazozunguka kwa wanafunzi, maana boksi likibadilika, fotokopi haina kazi.

Naandika kwa uchungu kwa sababu tunajua makosa ya karatasi yanaishia wapi. Mei 11, 1996, ndege ya ValuJet ilianguka Florida na watu wote 110 wakafa. Ilikuwa imebeba vizalisha oksijeni, vifaa vya dharura vya kutoa oksijeni, ambavyo kwenye karatasi viliandikwa kama mitungi mitupu. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto ikitoka Dubai, marubani wote wawili wakapoteza maisha. Ilikuwa na betri nyingi za lithiamu, na wachunguzi walikuta mizigo ya betri ambayo haikutangazwa kuwa bidhaa hatari. Dubai ndiko mabegi na maboksi yetu mengi yanakotoka.

Tangu Januari 2023 maelekezo ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, yanataka mafunzo ya bidhaa hatari yajengwe juu ya umahiri wa kazi ambayo mtu atapewa. Mtihani wa kukariri haulingani na takwa hilo. Chuo ambacho hakina nakala za kutosha za toleo la mwaka huu kisiruhusiwe kutahini somo hili. Najua kitabu ni ghali, lakini kumfundisha kijana kwa toleo lililokwisha muda ni kumpeleka kazini na kanuni zilizofutwa.

Kuna jambo la mitihani ya mtandaoni inayosimamiwa kwa kamera. Umeme ukikatika au mtandao ukianguka katikati, mwanafunzi asihesabiwe kwamba ametumia nafasi yake. Atoe taarifa siku hiyohiyo, arudie bila kulipa ada ya pili.

Na lugha. Majina rasmi ya bidhaa na tamko la msafirishaji vibaki kwa Kiingereza, kwa sababu mzigo unavuka mipaka na rubani wa nchi nyingine lazima asome. Lakini mpakiaji anayepimwa kama anaijua lebo ya kimiminika kinachowaka, na kama anajua afanye nini boksi likivuja, aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili. Nimewaona wapakiaji hodari, wanaotambua lebo kwa mbali, wakifeli kwa sababu walishindwa kuandika sentensi ya Kiingereza. Bunge letu lilikwishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wewe una mamlaka ya kuwaita wakuu wa vyuo, mashirika ya ndege, mawakala wa mizigo na sisi wakufunzi tukae meza moja. Tunaomba kikao hicho kifanyike mapema, ili kanuni mpya za mtihani ziwe tayari toleo lijalo la kitabu litakapoanza kutumika Januari mosi. Mifano ya maboksi na hati nitaileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkufunzi wa mizigo ya anga, Dar es Salaam